Namwamkia Shikamoo, Afu Saa Tatu Natakiwa Nimuulize Faili Liko Wapi

Shikamoo Anti,

Mi ni dada wa miaka 27, niko Dar, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko Kurasini. Nakusoma muda mrefu ila sikuwahi kudhani na mimi ntakuja kukuandikia, lakini sa hivi nimefika mahali hata nikilala naota mafaili.

Niliingia hapa kama mwanafunzi wa fildi nikiwa NIT, kile chuo cha usafirishaji, wakanibakiza, huu mwaka wa nne. Aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja, nimwite Mzee tu, ana miaka 54, alikuwa kwenye hii kazi kabla mi sijaanza hata vidudu. Yeye ndo alinifundisha kusoma BL, ile hati ya mzigo wa meli, yeye ndo alinipeleka bandarini siku ya kwanza, na siku hiyo nilivaa viatu vya wazi nikazuiwa getini, Mzee akavua buti zake akanipa, mi navaa 38 zile ni 43, nikaingia natembea kama bata na yeye akabaki nje na soksi ananisubiri. Sijawahi kusahau.

Mwezi wa tatu bosi akaniita akasema kuanzia Jumatatu dawati la nyaraka utalisimamia wewe. Watu sita, na Mzee mmoja wao. Nilifurahi Anti siwezi kudanganya, nilimpigia mama nikalia. Barua sikupewa, mshahara nikaambiwa tutaangalia, afu mwisho wa mwezi mhasibu ananiambia supavaiza halipwi ovataimu, kwahiyo kiukweli hela ninayopata sasa ni ndogo kuliko nilipokuwa mtu wa kawaida.

Ila hela sio inayonikosesha usingizi. Ni kwamba siwezi kuwaambia kitu. Nikiandika kwenye grupu la WhatsApp naona bluu tiki sita, kimya, au Mzee anajibu "tumekusikia mama mkubwa" na wengine wanaweka vicheko. Kuna dada mwingine yeye alitegemea hiki cheo kingekuja kwake, huyo hata salamu ananijibia pembeni. Wananiita Bosi Mtoto, wanadhani sijui. Asubuhi nikifika namwamkia Mzee shikamoo, ananiitikia marahaba mwanangu, afu saa tatu nitoe wapi mdomo wa kumuuliza faili la jana liko wapi? Nashindwa. Nasubiri waondoke naanza kumalizia kazi zao mwenyewe, siku nyingine natoka saa tatu usiku. Mzee siku hizi faili zake anampa kijana wa fildi amwingizie kwenye mfumo, anasema macho yake na kompyuta haviivi chungu kimoja, kijana asipokuja basi faili linalala.

Mwezi uliopita yakatokea makubwa. Makontena mawili ya mteja wa Lubumbashi, mzigo wa transiti, unaopita tu hapa kwenda kwao. Nyaraka ziliingia Jumanne nikaziona mezani kwa Mzee, Jumatano bado ziko palepale, Alhamisi bado, nikasema moyoni kesho ntamuuliza, Ijumaa akaenda msibani Kibiti. Jumatatu tunashtuka siku za bure za kuweka mzigo bandarini zimeisha, storeji inahesabika na mteja anapiga simu anafoka kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa juu. Bosi akanisema mbele ya ofisi nzima. Mzee alikuwepo, aliangalia chini hakusema neno, na mimi sikumtaja. Sasa bosi anataka maelezo ya maandishi Jumatatu ijayo.

Anti, niandike jina la Mzee? Nirudishe hiki cheo? Mama anasema achana nacho, heshima ya mtu mzima ni kubwa kuliko cheo. Naomba unisaidie maana nimechoka.

Bosi Mtoto, Kurasini

*

Marahaba mwanangu, na pole, pole hasa ya hayo masaa ya usiku.

Tuanze na Jumatatu maana ndo iko mlangoni. Maelezo andika, na andika ukweli wote, usifiche na usihukumu. Anza na tarehe: nyaraka ziliingia Jumanne, zilikuwa mezani kwa fulani, mimi msimamizi niliziona siku hiyohiyo, nikaziona tena Jumatano na Alhamisi, sikuuliza. Ijumaa mwenye faili alikuwa na udhuru wa msiba na hakukuwa na utaratibu wa nani ashike kazi zake. Jumatatu tukagundua. Hapo utakuwa umemtaja, ndiyo, ila umemtaja kama mahali faili lilipokuwa, na kosa lako umelitaja kwa uzito uleule. Maana mwanangu lipo la kwako hapo na nataka uliangalie vizuri. Hayo makontena Mzee aliyasahau, wewe hukuyasahau. Ulikuwa unayajua siku tatu nzima ukanyamaza. Bosi akija kugundua mwenyewe kwamba ulificha, na atagundua tu kwa sababu ofisi ya watu saba haina siri, hatakuamini tena hata ukisema leo Ijumaa. Malizia na mambo mawili ambayo umeshaanza kuyabadilisha, sio ahadi kumi. Afu, na hili ndo la muhimu, kabla hujampelekea bosi hiyo karatasi mwonyeshe Mzee kwanza. Asome kwa macho yake. Asije kusikia kwa mtu mwingine kwamba umemwandika.

Najua hapo moyo umekupiga paa. Ndo maana naomba nikueleze kilichonikuta mimi.

Nilikuwa na miaka 28, tawi moja la benki Mwanza, nikapewa kusimamia matela, wale wa dirishani. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, ananizidi miaka kama 20, amekaa dirishani tangu enzi za daftari. Tofauti na wewe mi sikunyamaza, mi nilikuwa na mdomo. Siku moja amechelewa kufungua dirisha, foleni imefika mlangoni, nikamwambia mbele ya wateja, kwa sauti, "Mama, hapa sio nyumbani." Watu wakacheka. Yule mama alifungua dirisha akafanya kazi mpaka jioni, hela zikabalansi mpaka senti, na kuanzia siku hiyo kwa miezi minne hakunijibu neno zaidi ya "ndiyo bosi". Na matela wote wakawa vilevile. Nilikuwa na cheo, watu sina.

Siku ya Jumamosi nikafunga safari mpaka kwake Buzuruga, nimebeba sukari kilo mbili sijui hata ntasema nini. Nikamkuta barazani anachagua mchele. Hakuniuliza nimefuata nini, alinipa ungo wa pili. Tukachagua mchele karibu saa nzima, hakuna aliyetaja kazi, tunaongelea bei ya dagaa na mvua. Nikamwomba msamaha hukuhuku natoa chuya, sikumwangalia usoni. Akakaa kimya kidogo akasema, "Siku nyingine niite pembeni." Basi. Hakuongeza. Jumatatu alikuja dirishani saa mbili kasoro.

Hayo maneno mawili, niite pembeni, ndo ninayokupa wewe. Mimi nilimsema mtu mzima hadharani, wewe hujamsema kabisa, unaandika kwenye grupu ambako ni hadharani vilevile, na sote wawili tuliruka hapo katikati. Mama yako ana haki kabisa kwamba heshima ya mtu mzima ni kubwa. Ila kumwacha mtu mzima akaharibikiwa kazi yake polepole huku wewe unamfichia usiku, hiyo sio heshima, siku bosi akichoka anayetolewa ni yeye na kwa miaka 54 atapata wapi kazi nyingine.

Shikamoo yako iendelee, kila asubuhi, usiipunguze. Hakuna mtu wa pwani hii atakayekudharau kwa kumwamkia mkubwa wako. Kinachoharibu ni kwamba salamu ukishaitoa unaona umefunga mlango wa kuuliza, wakati kwetu salamu ndo inaufungua. Unamwamkia, unamuuliza wa nyumbani, unamuuliza msiba wa Kibiti umeendaje, afu unamwambia Mzee naomba tuonane saa nne ukirudi chai. Saa nne chagua mahali ambapo hawawaoni, na usikae upande wa meza ya bosi, vuta kiti ukae upande wake. Mwambie hivi, kwa maneno yako: Mzee, nimekuja kama mwanao na nimekuja kama msimamizi, naomba unisikilize yote mawili. Zile nyaraka za Lubumbashi niliziona mezani kwako tangu Jumanne nikaogopa kukuuliza. Kuogopa ni kosa langu na nimeliandika humu. Ila siwezi kuendelea kuogopa, kazi itatuondoa wote. Naomba uniambie faili zinakwama wapi.

Afu nyamaza. Usimjazie jibu. Hata akikaa dakika mbili anazungusha kikombe, nyamaza. Vijana mnashindwa hapo, ukimya unawaunguza mnaanza kujijibu wenyewe.

Na mimi nadhani najua zinakwama wapi, na umeniambia wewe mwenyewe bila kujua. Umesema faili zake anampa kijana wa fildi amwingizie, kijana asipokuwepo faili linalala. Rudia kusoma barua yako hapo. Huyu ni mtu aliyeanza kazi ya forodha enzi za karatasi na mihuri, akiwa na fomu mkononi anazunguka kaunta kwa kaunta na kila kaunta anajulikana kwa jina. Ikaja mifumo ya forodha ya kompyuta, ikaja ASYCUDA, ikaja TANCIS, kila mara mambo yanabadilika na vijana wanamaliza kwa dakika kumi kitu ambacho yeye kinamtoa jasho. Na binti ambaye yeye ndo alimfundisha kazi tangu kwenye kiatu sasa ndo msimamizi wake. Unadhani atakuja kukwambia mwanangu mi hiki kidude sikiwezi? Hatasema. Atasema macho, atasema kompyuta mbovu, atakuita mama mkubwa kwenye grupu watu wacheke, maana wakicheka hawaangalii meza yake. Naweza kuwa nimekosea, ndo maana nimekwambia muulize. Inawezekana pia ni macho kweli, na hapo dawa yake ni miwani, watu wazima wengi wanafichia ofisini kwamba hawaoni maandishi ya skrini.

Kama ni mfumo, usimpe kijana wa fildi amfundishe. Mfundishe wewe, nusu saa asubuhi kabla watu hawajaja, mlango umerudishwa. Alikuvulia buti akabaki na soksi mbele ya geti zima, na wewe mvulie zako. Na wakati anajifunza mpe mbele ya wenzake zile kazi ambazo hakuna mwingine anaziweza, maana zipo. Mzigo umekwama kwenye ukaguzi na afisa anabishania thamani yake, mteja wa Kongo anafoka kwenye simu, kontena limeandikwa vibaya kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, hayo Mzee anayamaliza kwa kusimama mlangoni tu. Akiwa na kazi inayojulikana ni yake na anaifanya vizuri, hatakuwa na sababu ya kukucheza shere.

Ila sikiliza upande wa pili pia nisije nikakufundisha ulaini tu. Ukishamuuliza, ukamsaidia, mkakubaliana, na bado faili linalala mezani bila taarifa, unamwita pembeni mara ya pili na safari hii unaandika mlichokubaliana na kila mtu anabaki na kopi. Ya tatu inaenda kwa bosi kwa utaratibu wa ofisi, na atakuwa anajua tangu mwanzo kwamba itaenda, kwa sababu utakuwa umemwambia. Mzee ni mzee wako, sio mzee wa makontena.

Sasa barua. Hili limeniudhi na nalisema wazi. Bosi wako amekupa watu sita na lawama yote, hajakupa hata karatasi. Sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inataka mfanyakazi awe na maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na yakibadilika mwajiri anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na wewe na akujulishe kwa maandishi. Cheo ni mabadiliko. Hata kama ni kukaimu, kaimu naye anaandikiwa barua, inasema anakaimu nini, mpaka lini, na posho ni shilingi ngapi. Kuhusu ovataimu mhasibu anaweza kuwa na hoja, maana sheria hiyohiyo yale mambo ya masaa ya kazi, zile 45 kwa wiki na malipo ya kuzidisha, haiwahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na wanaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Lakini angalia alivyofanya: kwa kukunyima ovataimu wewe ni msimamizi, kwa kukulipa mshahara wewe bado ni yuleyule wa zamani. Haiwezi kuwa yote mawili, na hivyo ndo utakavyomwambia, kwa upole.

Na barua sio ya hela peke yake. Chukua mfano wa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1964 alipelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wewe. Lakini balozi hata awe na umri gani hafiki tu akaanza kuagiza watu, anafika na hati za utambulisho mkononi anazikabidhi kwa rais wa nchi ile, ndipo kila mtu anajua huyu amesimama kwa niaba ya nani. Wewe hati zako ziko wapi? Wenzako waliamka Jumatatu wakakukuta umekalia kiti, hakuna aliyewatangazia. Ukiwa wewe ndo yule dada aliyetegemea cheo, ungeamini nini? Mwombe bosi vitu viwili siku unayopeleka maelezo: barua, na dakika tano za yeye mwenyewe kusimama mbele ya dawati aseme nimemteua huyu, sababu ni hizi, na mipaka yake ni hii. Akikwambia tutaangalia, mwambie naomba tarehe ya kuangalia. Akikataa vyote ndo urudi kwangu tuongelee kurudisha cheo, hapo ntakuelewa. Kurudisha sa hivi kwa sababu ya kicheko cha WhatsApp, hapana.

Hilo grupu nalo liache liwe la taarifa tu, msiba, kikao kimesogezwa, mfumo umekata. Kazi iweke ukutani. Nunua ubao mweupe, hata mdogo, chora mistari: mteja, BL imeingia lini, nani anayo, siku za bure zinaisha lini, imekwama wapi. Kila asubuhi mnasimama hapo dakika kumi, mmesimama hivyohivyo bila viti, kila mtu anasema za kwake. Ukifanya hivyo hutamuuliza Mzee faili liko wapi, ubao utakuwa umeshauliza, na utamuuliza kila mtu swali lilelile mpaka na wewe mwenyewe. Mtu akienda msibani jina lake linafutwa linaandikwa la anayeshika. Makontena ya Lubumbashi yangekuwa na ubao huo, Jumatano asubuhi yangeonekana na watu saba.

Na ukishakuwa na ubao acha kubaki usiku. Najua utaniambia kazi itaharibika. Itayumba wiki mbili tatu, ndiyo, kidogo. Lakini kila usiku unaomalizia faili la mtu unamfundisha kwamba halihitaji kumalizwa naye, na unamfundisha bosi kwamba watu sita wanatosha wakati mnaofanya kazi ni wawili. Ukiona faili linahitaji mkono kaa na mwenye nalo saa tisa mchana mkalifanye wote, yeye akiwa ndo ameshika mausi.

Yule dada mpe muda na mpe ukweli. Mwite na yeye pembeni umwambie najua ulikitegemea, sikukiomba, na kuna vitu unaniacha mbali, na umtajie kimoja ambacho ni kweli. Asipokujibu usimfuatefuate.

Mama yako mpigie. Mwambie unaenda kumwona Mzee kwanza kabla ya bosi, nadhani atalala vizuri. Na hayo maelezo usimtumie bosi kwa simu, yachape, weka saini na tarehe, mpelekee mwenyewe mkononi, na ile kopi ambayo Mzee ameisoma ubaki nayo kwenye droo.

Anti